Desemba 2013: Nani alianzisha vita vya Sudan Kusini?

Jumatatu ya Desemba 16, 2013, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa sare za jeshi. Suti na ile kofia pana nyeusi havikuonekana siku hiyo. Aliwatangazia wananchi kwamba usiku uliotangulia askari watiifu kwa aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, walijaribu kuipindua serikali, wakashindwa. Machar, ambaye alikwisha kutoroka Juba, alikana siku chache baadaye. Kwa maelezo yake, hapakuwa na mapinduzi yoyote. Rais alikuwa akitafuta kisingizio cha kuwamaliza wapinzani wake ndani ya chama tawala cha SPLM.

Uhasama wao haukuanza usiku ule. Mwezi Julai Kiir alimfukuza Machar pamoja na baraza zima la mawaziri. Desemba 6 Machar na vigogo wenzake, akiwamo Rebecca Nyandeng, mjane wa mwasisi wa SPLM, John Garang, walimshutumu Rais hadharani kwamba anaongoza kidikteta. Desemba 14, mkutano wa chama ulipofunguliwa Juba, Kiir alikumbusha mwaka 1991, Machar alipojitenga na Garang na wapiganaji wake wakawaua raia wengi wa Kidinka huko Bor. Kesho yake kundi la Machar halikurudi mkutanoni. Usiku wake risasi zikalia.

Zililia kwanza katika kambi ya Giyada, ndani ya kikosi cha walinzi wa Rais kiitwacho Tiger, kilichochanganya Wadinka, kabila la Kiir, na Wanuer, kabila la Machar. Ugomvi ulihusu silaha. Upande wa Machar ulidai kwamba askari wote waliamriwa kuzisalimisha, kisha Wadinka wakarudishiwa zao kimyakimya. Serikali ilishikilia kwamba Wanuer walishambulia kwa mpango walioandaa mapema.

Umoja wa Afrika uliunda tume chini ya Olusegun Obasanjo, rais wa zamani wa Nigeria. Ripoti yake, iliyotolewa hadharani Oktoba 2015, ilisema haikuona ushahidi wa mapinduzi. Ilieleza pia kwamba mauaji ya Wanuer mjini Juba hayakuwa vurugu za askari walevi, yaliratibiwa. Katika mtaa wa Gudele, mamia ya wanaume wa Kinuer walifungiwa ndani ya jengo la polisi, wakamiminiwa risasi kupitia madirishani.

Watetezi wa Kiir wanauliza: kama hapakuwa na mpango, iweje Jenerali Peter Gadet aasi na kuuteka mji wa Bor Desemba 18, siku tatu tu baadaye? Wapinzani wao hujibu kwamba askari wa Gadet waliasi baada ya kusikia yaliyowapata ndugu zao Juba. Jibu hilo lina uzito, lakini halifuti waliyoyafanya waasi baadaye. Huko Bentiu, Aprili 2014, waliua mamia ya raia, wakiwamo waliokimbilia msikitini.

Wala hesabu ya kabila haitoshi. Mkuu wa majeshi usiku ule, James Hoth Mai, alikuwa Mnuer, na alibaki upande wa serikali. Miongoni mwa wanasiasa waliokamatwa kwa tuhuma za mapinduzi walikuwamo Wadinka. Ugomvi ulikuwa wa madaraka ndani ya chama kimoja; ukabila ukafanywa silaha ndani ya saa chache. Kwa hiyo aliyefyatua risasi ya kwanza, aliyeandaa mazingira, na aliyeamuru raia wasakwe nyumba kwa nyumba si lazima wawe mtu mmoja. Swali la kwanza huenda lisipate jibu. La tatu linaweza kujibiwa, maana lina mashahidi.

Viongozi walipendelea jibu jepesi zaidi. Mazungumzo ya kuwapatanisha yaliyosimamiwa na CCM, chama tawala cha Tanzania, yalifanyika Arusha, na Januari 2015 makundi ya SPLM yalitia saini makubaliano ya kuungana tena. Humo walikiri kwamba wote wanawajibika kwa maafa yaliyoipata nchi, na wakaahidi kuwaomba radhi wananchi. Ukiri huo ulikuwa hatua kubwa, ila lawama iligawanywa sawasawa hata hakuna aliyebebeshwa fungu lake. Mwaka uliofuata, Julai 2016, Juba iliwaka tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba vita hivyo vimegharimu maisha ya watu wapatao 383,000.

Mkataba wa amani wa Agosti 2015 uliahidi mahakama maalumu ya kushughulikia uhalifu huo, na ule wa Septemba 2018 ukairudia ahadi. Mahakama haijaundwa. Hata hivyo, Septemba 2025 serikali ilimfungulia Machar mashtaka ya mauaji na uhaini kwa mapigano mapya ya mji wa Nasir, na kesi ikaanza mwezi huohuo. Mahakimu, waendesha mashtaka na kizimba vilipatikana haraka. Kwa waliouawa Juba, Bor na Bentiu, kilichokosekana ni kiongozi aliye tayari kusimama kizimbani yeye mwenyewe.