Saa 20 kwa Juma

Katika sanduku langu la makaratasi imo barua ya kurasa mbili niliyoandikiwa mwezi Machi 1993 na chuo kikuu kimoja cha umma kilichoko katikati ya Marekani, kwenye nchi ya mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Ukurasa wa kwanza unanipongeza kwa kukubaliwa kusomea shahada ya uzamivu. Ukurasa wa pili unasema kwamba nimepewa nafasi ya ualimu msaidizi wa "asilimia 50", yaani saa 20 kwa juma, nifundishe Kiswahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa sababu hiyo nitasamehewa ada na kulipwa posho kila mwezi. Jibu langu liwafikie kabla ya tarehe 15 Aprili.

Wakati ule sikuona ajabu yoyote katika barua hiyo, kwani nilikuwa na haraka ya kutafuta pasi na nauli. Ilinichukua muhula mzima kutambua kwamba ilikuwa imeandikiwa watu wawili: ukurasa wa kwanza mwanafunzi, ukurasa wa pili mfanyakazi. Na chuo kilikuwa na hiari ya kuchagua ni yupi kati ya hao wawili kizungumze naye siku hiyo.

Pengine nilichelewa kutambua kwa kuwa nilitoka Mlimani, Dar es Salaam, ambako mambo yalipangwa vingine. Kwetu, kijana aliyefaulu vizuri shahada ya kwanza huajiriwa na Chuo kuwa mkufunzi msaidizi. Ana barua ya ajira, ana cheo katika ngazi ya watumishi, na anapopelekwa kusoma uzamili hubaki mtumishi aliye masomoni, akafunga na mkataba wa kurudi kutumikia. Sisemi kwamba maisha yalikuwa mazuri. Katika miaka ya 80 mshahara haukufika tarehe 10, na wengi wetu tulifuga kuku nyuma ya nyumba, hata maprofesa. Lakini hakuna aliyeuliza kama sisi tu wafanyakazi au si wafanyakazi. Umaskini wetu ulikuwa na jina lake.

Kule Marekani nilikuta mpango uliozaliwa kwa nia nyingine kabisa. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipofunguliwa Baltimore mwaka 1876, kwa kuiga vyuo vya Ujerumani, kiliwapa vijana wachache waliochaguliwa dola 500 kwa mwaka ili wakae wasome na kufanya utafiti. Hiyo ilikuwa tuzo, heshima ya kusomea. Vyuo vingine vikafuata, na kadiri wanafunzi wa shahada ya kwanza walivyoongezeka, fedha zile zikaanza kuambatana na kazi: simamia maabara, sahihisha madaftari, fundisha darasa la asubuhi ambalo profesa halitaki. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi walisomeshwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1944, madarasa yakafurika, na yule aliyekuwa mpokea tuzo akageuka kuwa mwalimu wa maelfu. Jina la heshima lakini halikubadilishwa. Aliendelea kuitwa mwanafunzi anayesaidiwa.

Lugha yetu iliingia humo kwa mlango wa vita baridi. Warusi walirusha Sputnik Oktoba 1957, Wamarekani wakashtuka, na Septemba 1958 Rais Eisenhower akatia sahihi sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, ambayo sehemu yake ya sita ilitoa fedha za kufundishia lugha za kigeni ambazo zilikuwa hazifundishwi sana. Katika miaka ya 60 Kiswahili kikapata nafasi katika mpango huo. Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kilikuwa na idara nzima ya lugha na fasihi za Kiafrika kufikia mwaka 1964. Kisha vijana Wamarekani weusi, hasa baada ya mgomo wa San Francisco State wa 1968 hadi 1969, wakadai masomo yanayowahusu, na Kiswahili kikawa miongoni mwa waliyoyataka. Nani wa kukifundisha? Profesa mmoja, na nyuma yake mkono wa Waafrika waliokuja kusoma uchumi, isimu, au kilimo, na ambao bahati yao ilikuwa kuzaliwa wakikisema. Nimekutana na Mtanzania aliyesomea udongo akafundisha ngeli za nomino kwa miaka minne.

Sasa nieleze hizo saa 20, kwani ndani yake mna siri yote. Sheria ya uhamiaji inamkataza mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 kufanya kazi ya chuoni zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Kwa hiyo nafasi ya asilimia 50 inajaza kibaba chote. Hana ruhusa ya kuongeza hata saa moja ya kupanga vitabu maktaba. Mke wake, mwenye viza ya F-2, haruhusiwi kufanya kazi kabisa. Posho ile ndiyo chakula, kodi ya nyumba, na makoti ya baridi.

Lakini je, kazi yenyewe ilikuwa ya saa 20? Nilifundisha saa mbili kasorobo asubuhi, siku 5 kwa juma, dakika 50 kila siku. Ukihesabu darasani tu hazifiki hata saa 5. Ongeza kutayarisha somo, kwani vitabu vilivyokuwapo vilimfundisha Mmarekani kuagiza watumishi wa nyumbani, nami nilikataa. Ongeza madaftari 22, mitihani ya kuzungumza mmoja mmoja, saa za kukaa ofisini kungoja wenye matatizo, kikao cha Ijumaa. Muhula wa pili niliweka daftari dogo nikaandika kila saa. Juma jepesi lilikuwa na saa 24. Majuma ya mitihani yalipita 30. Nilipompelekea msimamizi wetu hesabu ile alitabasamu kwa upole akasema kwamba mwalimu mpya hufundishwa na kazi, na kwamba saa zilizozidi zihesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo yangu mwenyewe. Siku ile nilikuwa mwanafunzi. Wiki mbili baadaye niliomba ruhusa ya siku tatu kuhudhuria mkutano wa isimu, nikajibiwa kwamba darasa haliwezi kuachwa na mtu anayelipwa kulifundisha. Siku hiyo nilikuwa mfanyakazi.

Wenyeji walikuwa wameliona jambo hili zamani. Madison palepale, walimu wasaidizi walianzisha chama chao mwaka 1966. Wengi hawakukijali mpaka mwanzoni mwa 1969, wabunge wa jimbo walipotaka kuwaondolea msamaha wa ada wale waliotoka majimbo mengine. Hapo watu wakajiandikisha kwa mamia. Mwaka huohuo chuo kikakubali kukitambua chama, na Machi 1970, mazungumzo yalipokwama, wakagoma kwa siku 24. Walipata mkataba, wa kwanza wa namna yake nchini humo. Walilolikosa ni lile walilolipigania kwa sauti kubwa zaidi: kushirikishwa katika kupanga mafunzo yenyewe. Chuo kilikuwa tayari kubishana nao juu ya fedha. Kuhusu mafunzo kiliwaambia, kwa kifupi, kwamba wao ni wanafunzi.

Wisconsin ni chuo cha umma, na vyuo vya umma hutawaliwa na sheria za kazi za jimbo. Vyuo vya binafsi viko chini ya sheria ya mwaka 1935 na ya Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini, yenye wajumbe 5 wanaoteuliwa na Rais. Naomba msomaji anivumilie nikizitaja hukumu za Bodi hiyo moja moja, kwa kuwa zinachekesha. Mwaka 1972, katika shauri la Adelphi, Bodi ilisema wasaidizi hawa hawastahili kuwekwa kundi moja na walimu, maana kwanza kabisa ni wanafunzi. Mwaka 1974 ikasema hivyohivyo juu ya wasaidizi wa utafiti wa fizikia pale Stanford. Mwaka 2000 ikageuka: wasaidizi wa Chuo Kikuu cha New York ni wafanyakazi, wana haki ya chama. Mwaka 2004, katika shauri la Brown, si wafanyakazi tena. Na mkataba wa New York ulipokwisha mwaka 2005 chuo kikakataa kuufanya upya. Agosti 2016, katika shauri la Columbia, wakawa wafanyakazi mara nyingine. Mwaka 2019 Bodi ikapendekeza kanuni ya kuwatoa wote, na Machi 2021 pendekezo hilo likaondolewa. Madaftari ni yaleyale, chaki ni ileile, anayesahihisha saa sita za usiku ni yuleyule. Kilichobadilika ni Rais aliyeteua wajumbe.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuparuka, lakini nitakuwa sijaeleza kitu.

Desemba 1995 walimu wasaidizi wa Yale walizuia alama za muhula ili chuo kitambue chama chao. Walitishiwa kunyimwa nafasi za kufundisha, na Januari 1996 wakaziachia. Habari zile zilifika chuoni kwetu, na mwezi Machi wasaidizi wetu wakaamua kusimamisha masomo kwa siku mbili. Dai lao kubwa lilikuwa bima ya afya. Iliyokuwapo ilimhusu msaidizi peke yake. Mke na watoto walikuwa nje yake, na gharama ya kuwaingiza ilikula karibu theluthi ya posho yangu. Basi hilo lilikuwa dai langu kuliko la Mmarekani yeyote kijana asiye na mke.

Usiku wa kuamkia mgomo tulikaa Waafrika sita katika chumba cha mwenzetu kutoka Kenya, mtu mzima kuliko sisi sote, tuliyemwita Mzee. Alisikiliza kila mtu, kisha akasema, "Ndugu zangu, hawa wakifukuzwa watapanda basi kurudi kwa mama zao. Sisi tutapanda ndege, na nauli hatuna." Mmoja akabisha kwamba mgeni naye ana haki ya kujiunga na chama, na sheria haimfukuzi nchini kwa kugoma. Alikuwa sahihi, nilikuja kuthibitisha baadaye. Viza yetu ilikaa juu ya usajili wa masomo, haikukaa juu ya kazi. Lakini usajili ulikaa juu ya ada, ada ilikaa juu ya msamaha, na msamaha ulikaa juu ya kazi. Mzee alikuwa ameuona mnyororo wote bila kusoma kifungu hata kimoja.

Asubuhi nilikwenda kufundisha. Mlangoni alisimama Mmarekani mmoja, mwalimu msaidizi wa Kifaransa, ameshika bango, pua nyekundu kwa baridi. Ndiye aliyenionyesha nilipofika jinsi ya kutumia mashine ya fotokopi na duka la kununua viatu vya theluji. Nilipita mbele yake. Hakunizomea. Alinisalimu kwa jina na kunifungulia mlango. Darasani walikuwamo wanafunzi 7 kati ya 22, nikawafundisha kikanushi cha wakati uliopita: sikuja, sikusema, sikugoma. Hilo la tatu lilinitoka lenyewe, na mmoja wao akaliandika.

Yule dada hakupewa darasa muhula uliofuata. Idara yake ilisema wanafunzi wa Kifaransa wamepungua, na huenda ilikuwa kweli. Mwaka mmoja baadaye chuo kikatangaza, pasipo kutaja mgomo, kwamba bima ya wasaidizi itawahusu pia mke au mume na watoto. Binti yetu alizaliwa Oktoba 1997 kwa upasuaji. Karatasi ya hospitali ilikuwa na tarakimu ambazo nisingeweza kuzilipa kwa miaka mitatu ya posho, na chini yake pameandikwa kwamba tunadaiwa dola 50.

Tangu nistaafu nimefuatilia habari hizi kama wengine wanavyofuatilia mpira. Novemba 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma karibu majuma sita, wakapata nyongeza kubwa ya malipo. Januari 2023 wasaidizi wa Yale walipiga kura wakapata chama chao, zaidi ya miaka 25 baada ya zile alama zilizozuiwa.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alipokea barua kutoka chuo kimoja cha huko. Siku hizi huja kwa kompyuta. Alinisomea kwa simu: pongezi, asilimia 50, msamaha wa ada, na tarehe ni ileile ya 15 Aprili. Palikuwa na aya moja ambayo yangu haikuwa nayo, isemayo kwamba masharti ya kazi yanafuata mkataba kati ya chuo na chama.

"Mjomba," akaniuliza, "hizi saa 20 wamehesabu na kusahihisha?"

Nikamwambia autafute huo mkataba ausome wote, na asipoliona neno kusahihisha awaandikie awaulize, jibu lije kwa maandishi, kabla hajatia sahihi. Kisha nikamwuliza kama wamempa darasa la asubuhi.