Jina la Kanga na Neno la Mdomo

Kanga ilianza kuvaliwa Unguja na Mombasa katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa Unguja, wanawake walioachwa huru waliitupa kaniki, nguo iliyonasibishwa na utumwa, wakajitwalia kanga kuwa alama ya uungwana. Mwanzoni mwa karne ya 20 nguo hiyo ikapata jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi.

Hapo mke akapata njia ya kusema asiloweza kulitamka. Heshima ya nyumba ilimkataza kumlalamikia mumewe kwa sauti. Alijifunga kanga, nayo ikamsemea. Mume akiuliza, hujibiwa kwamba nguo ilipendewa rangi yake tu.

Katika jibu hilo mna nguvu ya kanga, na mna udhaifu wake. Neno linaloweza kukanwa humlinda mwenye kulisema. Lakini mume naye huweza kujifanya hakulisoma. Mke akabaki akingoja atambuliwe, mume akabaki akidhani mambo ni shwari, na ukimya ukageuka kinyongo.

Kwa hiyo jina la kanga hubisha hodi tu. Mlango hufunguliwa kwa mdomo. Wahenga walikwisha kunena: mficha uchi hazai. Haja isiyotajwa, hata baina ya wapendanao, haina wa kuitimiza.