Utwaaji Dhima, Si "Kinga ya Fidia"

Rasimu ya sheria iliyonipitia mkononi hivi karibuni inamwahidi mtumishi wa umma "kinga ya fidia". Imetungwa na kamati, na kamati haina uso wa kuona haya. Mwanasheria yeyote anajua kwamba hapo yametiwa chungu kimoja mambo mawili: mtumishi asiyeweza kushtakiwa, na mtumishi anayeshtakiwa, akashindwa, kisha mwajiri akalipa.

Kinga, lile jambo la kwanza, haina mgogoro. Ibara ya 46 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 imempa Rais: akiwa madarakani hashtakiwi kwa jinai, na anayemdai kwa mambo yake binafsi sharti kwanza ampe taarifa ya siku 30. Asili yake ni kitenzi kukinga, yaani kuzuia kitu kisipite: tunakinga maji ya mvua, tunakinga jua kwa kiganja. Wapo wanaoichanganya na ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo", ambayo ni kijinga cha moto. Nasikitika kusema baadhi yao hutunga kamusi.

Kosa liko kwenye fidia. Mzizi wake wa Kiarabu ni kukomboa. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Kwetu mahakamani, fidia hupewa aliyepata hasara. Mtumishi hapa ndiye aliyemtia mwenzake hasara; afidiwe nini?

Ndiyo maana, kwa lile jambo la pili, la mwajiri kulipa badala ya mtumishi, napendekeza utwaaji dhima. Dhima ni wajibu ulio shingoni mwa mtu. Wala isidhaniwe kuwa ni ndugu wa dhamana: Kiarabu huandika moja kwa dhali na nyingine kwa dhadi, tofauti ambayo dh yetu imeimeza na wajumbe wengi wa kamati ile hawana habari nayo. Kutwaa nako si kugeni, maana tunayo Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967. Dola inayotwaa shamba itashindwaje kutwaa deni? Nililipeleka pendekezo hili kikaoni, nikajibiwa kwamba "halijazoeleka". Waliotuletea "ngamizi" kwa maana ya kompyuta hawakuambiwa hivyo.

Matumizi ni mepesi. Dereva wa halmashauri akimgonga mwendesha bodaboda akiwa kazini, majeruhi hutoa notisi ya siku 90 na kuidai Serikali. Ikilipa yenyewe bila kumgeukia dereva, huo ni utwaaji dhima. Trafiki akimfungulia kesi ya uzembe, dereva huyo hana kinga.

Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania, na neno bovu likishapita bungeni huwa amri. Wanaoandaa rasimu waandike kinga panapostahili kinga, na utwaaji dhima panapostahili utwaaji dhima. "Kinga ya fidia" ifutwe kabla haijasomwa kwa mara ya kwanza.