Timu Zilizozaliwa Ofisini

Watu wazima wa Makole, kata ya Dodoma, wanazikumbuka timu mbili ambazo vijana wa kata hiyo hawazijui hata kwa rangi za jezi: CDA na Waziri Mkuu. Majina hayo hayakutokana na mtaa, mlima wala mnyama. La kwanza lilikuwa la Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu Dodoma aliiita kwa herufi zake tatu za Kiingereza. La pili lilikuwa la ofisi ya mtendaji mkuu wa serikali. Timu zote mbili ziliwahi kucheza ligi ya juu ya Tanzania na kuwafanya watu wa Makole, Chang'ombe, Majengo na Kikuyu watembee kwa mguu hadi Uwanja wa Jamhuri jioni za Jumamosi. Leo hakuna hata moja.

Kisa cha kutoweka kwa timu hizo ndicho historia yenyewe ya soka la Dodoma. Katika mji huu timu hazikufa kwa kukosa wachezaji. Zilikufa kwa sababu hazikuwa mali ya watu waliozishangilia.

Dodoma ni mji wa reli. Wajerumani walifikisha reli ya kati hapa mwaka 1910, na mji ukakua kwa kuizunguka stesheni. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Uingereza yaliuteka, na utawala wa Kiingereza uliofuata ukaja na mpira wake, kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Tanganyika: viwanja vya shule za misheni, vya askari, vya makarani na vya wafanyakazi wa reli. Uwanda wa Ugogo una ardhi tambarare ya kutosha, na mvua hunyesha miezi michache tu kwa mwaka, hivyo sehemu kubwa ya mwaka kiwanja kinachezeka. Tatizo ni kwamba kinachezeka bila nyasi. Mchezaji aliyekulia kwenye changarawe za Dodoma anajifunza mapema kutoanguka ovyo, maana goti likichubuka hapo halipoi upesi.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Dar es Salaam vijana walianzisha Yanga mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye ilijiita Sunderland, kwa jina la klabu ya kaskazini mwa Uingereza, kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Klabu hizo zilikuwa na wanachama: watu waliolipa ada, waliokuwa na kadi, waliogombana mikutanoni na kuwang'oa viongozi. Migogoro yao ilijaza magazeti kwa miongo mingi na iliwachosha wengi, lakini ndiyo iliyoonyesha kwamba klabu ina wenyewe. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza. Kombe lilikaa Dar es Salaam hadi Mseto ya Morogoro ilipolichukua mwaka 1975. Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, ikafanya maajabu mwaka 1986, na Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988. Uwanda wa kati, yaani Dodoma na Singida, haujawahi kutoa bingwa wa Tanzania Bara.

Oktoba 1973 chama tawala, TANU, kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. CDA ikaundwa mwaka huohuo na kukabidhiwa kazi ya kupanga na kujenga mji: kupima viwanja, kuchora barabara, kujenga nyumba za watumishi katika maeneo yaliyopewa herufi badala ya majina, Area A, Area C, Area D. Taasisi ya ukubwa huo ilikuwa na mafundi, madereva, makarani na walinzi, na kwa desturi ya zama zile ilikuwa na timu ya mpira pia.

Haikuwa desturi ya Dodoma peke yake. Morogoro ilikuwa na Reli, Moshi ilikuwa na Ushirika, Mwanza ilikuwa na Pamba, Kagera ilikuwa na RTC, Mtwara ilikuwa na Bandari. Utaratibu wake ulieleweka kwa kila kijana mwenye kipaji. Shirika lilimwona akicheza, likamwajiri kwa kazi yoyote iliyokuwepo, likampa mshahara wa mwisho wa mwezi na pengine chumba cha kukaa. Asubuhi alikuwa ofisini au karakana, jioni alikuwa mazoezini. Akiumia alibaki mwajiriwa, na akizeeka kimchezo alibaki na kazi. Kwa mchezaji wa wakati ule huu ulikuwa mpango wa heshima kuliko mingi iliyokuja baadaye, na hauna haja ya kudharauliwa. Wapo wachezaji wengi wa leo wa madaraja ya chini ambao wangeupokea kwa mikono miwili.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa. Timu ilikuwa kifungu katika bajeti ya shirika. Shabiki wa Makole aliyeipenda CDA kuliko bosi wake hakuwa na kadi, hakuwa na kura, hakuwa na mkutano wa kuhudhuria. Siku shirika lilipoamua kufuta kifungu hicho, hakukuwa na mtu wa nje ya ofisi mwenye haki ya kuuliza kwa nini.

Siku hiyo ilifika. Miaka ya 1990 serikali ilianza kubinafsisha na kufunga mashirika ya umma, na yale yaliyosalia yalitakiwa kubana matumizi. Mpira ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Timu zilizokuwa zikitetemesha Simba na Yanga zilishuka daraja moja baada ya nyingine. Pamba ya Mwanza ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20. Za Dodoma ziliondoka kimya zaidi, na hazikurudi. CDA yenyewe, taasisi iliyozaa timu, ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake yakapewa halmashauri. Kwa hiyo hata mtu ambaye angetaka kuifufua timu hiyo leo hana mlango wa kubisha.

Baada ya timu hizo ilikuja Polisi Dodoma, iliyocheza Ligi Kuu mwanzoni mwa karne hii. Jeshi la Polisi halifutwi, hivyo ilionekana timu ya aina hii ingedumu. Lakini askari huhamishwa, na timu zao pia. Timu ya Polisi iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 ilikuwa Polisi Tanzania, na nyumbani kwake kulikuwa Moshi, katika Uwanja wa Ushirika. JKT Tanzania nayo iliwahi kuutumia Uwanja wa Jamhuri kama uwanja wa nyumbani. Mwenyeji wa Dodoma alizoea kuona timu zikija na kuondoka kama watumishi wenye barua za uhamisho.

Jirani zao wa Singida wameonja ladha hiyohiyo kwa namna kali zaidi. Singida United, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Miaka miwili baadaye ilishuka. Kilichofuata si kujenga upya klabu ile. DTB ya Dar es Salaam ilipopanda mwaka 2022 ilihamia Singida na kuitwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata iliungana na Fountain Gate, timu iliyokulia kwenye shule za Dodoma, ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikawa Fountain Gate na kwenda Babati. Mwaka huohuo Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya, ikageuka Singida Black Stars. Watu wa Mbarali walilala wakiwa na timu ya Ligi Kuu wakaamka hawana. Kisheria huenda kila karatasi iko sawa. Kwa mtu aliyenunua jezi ya Ihefu na kuisindikiza timu yake tangu madaraja ya chini, ni dhuluma, na inafaa iitwe hivyo.

Uingereza, nchi iliyoleta mchezo huu, ina klabu nyingi mno ambazo hazimo katika madaraja yake manne ya juu na huenda hazitaingia kamwe. Sheffield FC ilianzishwa mwaka 1857 na inatambuliwa kuwa klabu kongwe kuliko zote duniani. Hadi sasa inacheza madaraja ya chini, mbele ya watu wachache, na haijafa. Marine, klabu ya Crosby karibu na Liverpool, iko tangu mwaka 1894. Januari 2021, ikiwa daraja la nane, ilipangwa kucheza nyumbani na Tottenham katika Kombe la FA wakati viwanja vimefungwa kwa sababu ya korona. Klabu ikauza tiketi za kuangalia kwa mbali, tiketi ambazo hazikumpa mtu kiti chochote, na zaidi ya 30,000 zikanunuliwa. Marine ilifungwa 5-0 na ikatoka na fedha za kujiendesha. Klabu kama hizo hazidumu kwa utajiri. Zinadumu kwa watu wanaokata nyasi, wanaosimama mlangoni na wanaopika chai bila malipo kwa sababu wanajua klabu ni yao.

Watanzania hawapungukiwi na moyo huo. Kombe la Shirikisho limeonyesha mara kadhaa kwamba timu ndogo haziogopi majina. Desemba 2017 Green Warriors ya daraja la pili iliitoa Simba kwa mikwaju ya penalti. Mwaka mmoja baadaye Mashujaa ya Kigoma iliifunga Simba 3-2 na kuitoa pia. Ukitazama vizuri, hata Mashujaa ni timu ya jeshi.

Katika mitaa ya Dodoma wenye moyo huo wako mchangani. Timu za huko huchangishana nauli, huazimana njumu, na hupata jezi mpya pale mgombea anapohitaji kura. Kutoka ligi ya wilaya hadi Ligi Kuu kuna ngazi nyingi: ligi ya mkoa chini ya DOREFA, chama cha soka cha mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, kisha Championship. Kila ngazi inaongeza safari na gharama za kulala. Timu ya mtaa ikishinda ligi ya mkoa, furaha yake huchanganyika na hofu, kwa sababu ngazi inayofuata inahitaji basi.

Dodoma FC ilipita njia hiyo. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kweli, baada ya zaidi ya miaka 40 ya ahadi, na mji kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, halmashauri iliichukua timu kama nembo yake. Msimu wa 2019/20, uliokatishwa kwa muda na korona, timu ilipanda Ligi Kuu na kuanza kuitwa Dodoma Jiji. Mashabiki wanaiita Walima Zabibu, kwa zao linaloutambulisha mkoa, na hilo ndilo jina pekee katika historia yote hii lililotoka shambani na si ofisini.

Kwa kipimo chochote ni mafanikio. Timu ya Dodoma haikuwahi kuwa na msingi wa fedha kama wa sasa: kuna jiji lenye mapato, na kuna mgao wa haki za televisheni kutoka mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 ambao Azam ilisaini na shirikisho la soka la Tanzania, TFF, mwaka 2021. Imevumilia pia. Februari 2025, ikirudi kutoka Ruangwa kucheza na Namungo, basi lake lilipata ajali mkoani Lindi na wachezaji na viongozi wakaumia. Walipona, wakarudi uwanjani.

Lakini mpango ni uleule wa zamani kwa nguo mpya. Timu ni ya halmashauri. Uwanja wa Jamhuri ni wa CCM. Uwanja mkubwa ambao Mfalme Mohammed VI wa Morocco aliahidi Oktoba 2016 haukujengwa kwa ahadi hiyo, na serikali ikachukua jukumu la kuujenga. Simba au Yanga ikija, majukwaa hujaa nyekundu au kijani na njano, na wenyeji hugeuka wageni nyumbani kwao. Wengi huwalaumu mashabiki kwa kukosa uzalendo wa mkoa. Lawama hiyo haina haki. Simba na Yanga ziliwapa babu zao kadi za uanachama. Timu za Dodoma hazikuwahi kuwapa kitu ila tiketi.

Baraza la madiwani linaweza kubadilisha hilo bila kungoja uwanja mpya wala mfadhili. Liruhusu wakazi wa Makole, Kizota, Nkuhungu, Ipagala na kata nyingine wajiunge na Dodoma Jiji kwa ada ambayo muuza mboga anaimudu. Liwape mkutano mkuu wa kila mwaka, hesabu za mapato na matumizi, na viti vya kuchaguliwa kwenye kamati ya utendaji. Liandike katika katiba ya klabu kwamba jina, makao na nafasi yake kwenye ligi haviuzwi wala kuhamishwa bila kura ya wanachama. Na wakazi nao, siku dirisha hilo likifunguliwa, wapange foleni wakachukue kadi.