Nafasi ya Msafiri Katika Reli na Ziwa

Kila msafiri, kabla ya kufunga mzigo wake, hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: je, aagize nafasi yake mapema, au aende stesheni siku ya safari akapande kwa bahati? Katika Ulaya swali hili hujibiwa kwa namna mbili. Katika Ufaransa, gari la mwendo wa kasi liitwalo TGV, lililoanza kazi mwaka 1981, humtaka abiria awe na kiti alichowekewa. Hispania ilishika desturi kama hiyo ilipoanzisha AVE yake mwaka 1992. Ujerumani na Uswisi huamini vingine. Huko, katika safari za ndani ya nchi, mwenye tikiti kwa kawaida huweza kupanda bila kuagiza kiti, na kiti kikikosekana husimama. Anayetaka hakika huongeza fedha kidogo akawekewa mahali pake. Asiyetaka hubaki na fedha yake na uhuru wake.

Mtu akilitazama jambo hili juujuu atadhani kuwa ni la raha tu: huyu akae, yule asimame. Lakini historia ya safari katika mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria yafundisha kuwa nafasi ya msafiri ni kitu kikubwa kuliko kiti. Nafasi ni hesabu. Na asiyehesabiwa wakati wa kuondoka hawezi kutafutwa kwa jina wakati wa msiba.

Wasukuma, ambao kumbukumbu zao zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, walikuwa wasafiri mashuhuri zamani kabla ya reli. Pamoja na jirani zao Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani ya Bahari ya Hindi. Katika msafara wa wapagazi kila mtu alikuwa na mahali pake. Kirangozi alitangulia, wengine wakafuata, na kila mmoja alijulikana kwa mzigo wake. Mtu alipokosekana kambini jioni, mzigo wake ulimtaja. Safari ile ilikuwa ya taabu nyingi, lakini mpagazi hakuwa mtu asiye na hesabu.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamoja nayo yalikuja madaraja matatu ya abiria. Katika njia hiyo msafiri wa daraja la kwanza alilala katika chumba cha vitanda 2, na wa daraja la pili katika chumba cha vitanda 6. Wa daraja la tatu alijitafutia mahali pa kukaa. Wakati wa ukoloni, kwa desturi, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Basi swali la kuagiza nafasi halikuwa la hiari kwa watu wote. Wachache waliulizwa wanataka kitanda cha siku gani. Wengi waliuzwa tikiti, wakaachwa washindane mlangoni. Tikiti ya daraja la tatu ilikuwa ruhusa ya kuingia, haikuwa ahadi ya kukaa. Ukoloni ulipokwisha ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini mazoea ya kutowaandika watu wa tikiti rahisi yalidumu.

Katika nchi kavu mazoea hayo yaliwaletea watu uchovu na udhia. Gari la moshi lililojaa kupita kiasi huchelewa na huumiza miguu ya waliosimama, lakini kwa kawaida hufika. Chombo cha majini hakina msamaha huo. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuongeza abiria, ikaelekea Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia mwisho wa safari, ilipinduka na kuzama. Meli ile ilikuwa ya kuchukua abiria 430. Orodha yake ilitaja abiria 443, wala haikuwa na majina ya watu wa daraja la tatu. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, lakini hata hiyo ni makadirio. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, kando ya njia itokayo Mwanza kwenda Kisesa na Bujora, na kila mwaka watu huenda huko kuwakumbuka.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora katika Ukerewe, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha kuchukua watu 101, nacho kiliua watu zaidi ya 220.

Huenda mtu akasema kuwa kuagiza nafasi ni anasa ya mwenye nacho. Mgonjwa hachagui siku ya kuugua, na anayekwenda mazikoni hakujua wiki iliyopita kuwa atasafiri. Maneno haya ni ya kweli, na ndiyo wasemayo Wazungu wanaotetea desturi ya Ujerumani na Uswisi. Lakini yafaa kuuliza desturi hiyo imesimama juu ya nini. Mwaka 1982 Uswisi iliweka utaratibu wa magari kupita kila saa katika reli zake. Aliyekosa mahali katika gari la saa nne hupanda la saa tano. Uhuru wa kutoagiza nafasi umejengwa juu ya gari linalofuata. Mahali ambapo chombo ni kimoja, na kinachofuata ni cha siku nyingine, kumkatalia mtu ni kumwacha mbali na mgonjwa wake au maiti yake. Mwenye kulinda mlango huona huruma, au huona faida. Humruhusu mmoja, kisha kumi, kisha hawahesabu tena.

Kila mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, Bujora hujaa watu. Bagika na Bagalu hucheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji hukimbilia wanakopendezwa. Kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Hapana tikiti yenye namba, wala haihitajiki. Katika uwanja, umati ukielekea upande mmoja, hiyo ndiyo hukumu ya mchezo. Katika chombo kilichojaa kupita kiasi, umati ukielekea upande mmoja, huo ndio mwisho wa safari. Kosa liko katika kudhani kwamba sheria ya uwanja yafaa majini.

Mwaka 2024 magari ya umeme yalianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na tikiti zake huonyesha behewa na kiti, hata kwa msafiri wa daraja la chini. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, ulianza mwaka 2021. Watu watasifu mwendo wa magari hayo, na wana haki. Lakini jambo la kusifiwa zaidi ni namba ile ndogo katika tikiti ya mtu maskini. Kwayo aliyemuuzia amekiri kuwa msafiri huyu yumo, mahali pake panajulikana, na asipofika ataulizwa. Mpagazi wa Usukuma alikuwa na heshima hiyo bila karatasi. Abiria wa daraja la tatu aliikosa akiwa na tikiti mkononi.