Wachimbaji wa Durham na Elimu ya Mashirika

Kabla mashine hazijaingia katika migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Uingereza, kazi ya kuchimba ilifanywa na watu wawili wawili. Mchimbaji na mwenzake walipewa kipande chao cha mwamba. Walikata makaa kwa sururu, wakasimamisha nguzo za kuzuia paa lisiporomoke, wakahakikisha makaa yamepakiwa kwenye mabehewa. Walichaguana wenyewe, wakapatana malipo na uongozi wa mgodi, kisha wakagawana ujira. Msimamizi aliwapitia kwa nadra, kwani katika giza la chini ya ardhi hakuna ambaye angeweza kumwangalia kila mtu. Mmoja akiumia au kufa, haikuwa ajabu mwenzake kuibeba familia yake.

Mashine za kukatia na mikanda ya kusafirishia makaa zilivunja utaratibu huo. Sasa ulichimbwa ukuta mmoja mrefu, unaozidi meta 150, na watu wapatao 40 waligawanywa katika zamu tatu. Zamu ya kwanza ilikata mwamba na kuutayarisha kwa baruti, ya pili ilisogeza mkanda na kupanua njia, ya tatu ilipakia makaa. Kila mtu alikuwa na kazi yake moja na kiwango chake cha malipo. Zamu ya kwanza ikiacha kazi nusunusu, adhabu iliwaangukia wapakiaji waliokuja baadaye, ambao hawakuwahi kukutana na waliowaharibia. Mzunguko mzima haukuwa na mwenyewe huko chini. Wakubwa wa juu ndio waliopaswa kuunganisha vipande vyake, nao walikuwa mbali.

Mpangilio huo ulikwenda sambamba na fikra zilizotawala wakati ule. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, alikuwa amefundisha katika kitabu chake cha mwaka 1911 kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora kuliko zote, na kwamba ni juu ya wataalamu kuitafuta na ya wafanyakazi kuifuata. Max Weber wa Ujerumani naye alikuwa ameeleza nguvu ya ofisi zenye ngazi, kanuni na mipaka ya madaraka. Ufanisi ulionekana kuwa tunda la kugawa kazi na kusimamia kwa ukaribu.

Tarehe 1 Januari 1947 serikali ya Uingereza ilitaifisha migodi. Mashine ziliongezwa, lakini uzalishaji haukupanda kama ilivyotarajiwa, huku migomo na utoro vikiendelea. Taasisi ya Tavistock ya London ikaanza kuchunguza sababu. Miongoni mwa watafiti wake walikuwa Eric Trist, mwanasaikolojia, na Ken Bamforth, aliyewahi kuwa mchimbaji kwa miaka 18. Bamforth alirudi Yorkshire, kwenye mgodi aliowahi kufanyia kazi, akakuta jambo lisilotazamiwa: baada ya mbinu za kushikilia paa kuboreshwa, wachimbaji walikuwa wamerudia vikundi vinavyojiongoza, safari hii pamoja na mashine. Makala ya wawili hao ya mwaka 1951 ilidai kwamba ufundi na uhusiano wa watu lazima vipangwe kwa pamoja.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka katika migodi ya Durham, kaskazini mwa Uingereza, ukachapishwa kitabuni mwaka 1963. Kuta mbili za makaa zililinganishwa, zote katika mwamba mmoja na kwa mashine za aina moja. Ya kwanza ilifuata mgawanyo wa kawaida. Katika ya pili, kikosi kilipokea malipo ya pamoja, wanachama wakapangiana zamu na kubadilishana kazi. Kila zamu ilianzia pale iliyotangulia ilipoishia. Ukuta wa kwanza ulitoa asilimia 78 ya makaa yaliyokadiriwa kuwezekana, wa pili asilimia 95. Utoro, ukijumuisha ugonjwa na ajali, ulikuwa asilimia 20 katika ukuta wa kwanza na 8.2 katika wa pili. Hata hivyo, malipo nayo yalitofautiana, kwa hiyo si halali kuupa uhuru wa kikosi sifa yote. Lakini hoja kwamba mashine peke yake huamua mpangilio wa watu ilivunjika hapo.

Karibu na wakati huohuo mtafiti Joan Woodward alichunguza viwanda 100 vya kusini mwa Essex. Viwanda vilivyofanikiwa havikufuata mfumo mmoja: msimamizi wa kiwanda cha kuzalisha kwa wingi aliongoza watu wengi, kwa wastani 48, ilhali wa viwanda vya mtiririko usiokatika, kama vya kemikali, aliongoza 15. Njia moja bora ya Taylor haikuonekana.

Mpangilio wa Durham wa vikosi vinavyojiongoza haukuenea katika migodi mingine ya Uingereza. Ulistawi zaidi Norway, ambako majaribio ya miaka ya 1960 yaliungwa mkono na waajiri na vyama vya wafanyakazi, halafu Sweden. Mwaka 1974 kampuni ya magari ya Volvo ilifungua kiwanda huko Kalmar ambamo vikundi vidogo viliunganisha magari bila mstari wa kawaida wa kuundia. Kilifungwa mwaka 1994, baada ya miaka ya mauzo hafifu, na wataalamu hawajakubaliana kama kilichokiua ni mpangilio wake au soko.