Majimoto ya Nyamyumba

Jumamosi moja mimi na wenzangu wawili tulipanda basi Nyabugogo, hapa Kigali, hadi Rubavu, kisha tukafuata ufuo wa Ziwa Kivu mpaka Nyamyumba, kwenye chemchemi za majimoto ambazo kwa Kinyarwanda huitwa amashyuza. Mzee mmoja alikuwa amekaa humo akijikanda magoti. Nilimsalimia kwa Kinyarwanda, akaniitikia kwa Kiswahili: "Ingia, mtoto wangu. Maji iko muzuri." Nusura nimsahihishe.

Alizaliwa Goma, mama yake ni wa huku. Mpaka unaozigawa pande hizo mbili ulikubaliwa Brussels mwaka 1910: Gisenyi, yaani Rubavu ya leo, ikabaki kwa Wajerumani, upande wa Goma ukawa wa Wabelgiji. Wenyeji hawakuulizwa. Januari 2002, Nyiragongo ilipolipuka, mzee aliuvuka mpaka huohuo kwa miguu pamoja na maelfu ya watu wa Goma, wakajihifadhi Gisenyi.

Vitabu vingi huanza habari za ziwa hili na von Götzen, mwaka 1894. Mimi nimeanza na mzee. Sentensi yake nimeiacha kama alivyoitamka. Mhadhiri akipenda, akate alama.